Kucheka bila kuumiza: namna ya kuongoza mchezo wa kuchekesha na wanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane

Umeshaiona hii. Ni sikukuu ya shule, wazazi wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, jua ni kali. Mtoto wa miaka 13 anaingia mbele ya watu. Amevaa koti la baba yake, amechorwa masharubu kwa makaa. Anacheza sentineli wa tajiri. Anafungua mdomo, anavunja Kiswahili kwa aksani ya kabila fulani, na uwanja mzima unacheka mpaka machozi. Mwalimu anafurahi: mchezo umefaulu.

Lakini kwenye benchi la nyuma kuko mtoto mmoja ambaye hacheki. Ile aksani ni ya mama yake. Kesho yake wenzake watamwita kwa jina la yule sentineli, na jina litamfuata mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hapa kwetu Tshopo, tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulioanzia upande wa Lubunga umefukuza familia nyingi kwenye vijiji vyao. Wengi waliingia Kisangani, na watoto wao wamekaa leo benchi moja na watoto wetu. Ndugu zetu wa Ituri, wa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini wanajua hali ya namna hii kutupita sisi. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuchekesha watu na watoto wa darasa lake ameshika kitu kinachoweza kuunganisha, na kinachoweza kukata.

Tunaandika makala hii kwa walimu, kwa waongozaji wa vikundi vya vijana parokiani na mitaani, na kwa wazazi. Tunasema juu ya wanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi, ile miaka miwili ambayo wengi bado tunaiita CO. Ni watoto wa miaka 12 mpaka 14. Sauti za wavulana zinavunjika, wasichana wanaogopa kutazamwa, na kila mmoja anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa fimbo. Na wewe unawaomba wasimame mbele ya watu ili wachekwe! Ndiyo maana kazi hii inahitaji akili.

Swali la kwanza: tunamcheka nani?

Kabla ya kuchagua mchezo, kabla ya kugawa nafasi, mwalimu ajiulize swali hili moja. Kicheko kizuri kinacheka kosa: uchoyo, majivuno, woga wa wakubwa, kujipendekeza. Kicheko kibaya kinacheka hali ambayo mtu hakuichagua: kabila, kilema, kigugumizi, umaskini, unene, ukimbizi. Mchoyo anaweza kuacha uchoyo wake. Kigugumizi atarudi nyumbani na kigugumizi chake.

Kuna mtu atasema: "Lakini sisi tuko na utani, makabila yanataniana tangu zamani." Ni kweli. Lakini utani una wenyewe. Watani wawili wanajuana, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na wote wawili wanajua mpaka uko wapi. Mtoto aliyekaa kwenye benchi la nyuma hakukubali utani wowote, na hana nafasi ya kurudisha.

Wafaransa wanajivunia Molière, na wengi wetu tumemsoma shuleni. Ukitazama vizuri, huyu mtu alicheka nini? Katika L'Avare, mwaka 1668, alicheka tajiri anayependa kisanduku chake cha pesa kuliko watoto wake. Katika Le Bourgeois gentilhomme, mwaka 1670, alicheka mfanyabiashara anayelipa walimu ili aonekane mtu wa ukoo mkubwa. Mchezo huo ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mchuuzi Muungwana. Guillaume Oyono Mbia wa Kameruni, katika Trois prétendants… un mari, alicheka wazee wanaopandisha bei ya mahari kama watu wa mnada, bila kumuuliza msichana mwenyewe anataka nani. Kicheko chao kinampanda yule mwenye nguvu. Hakimkanyagi yule aliye chini.

Kitabu, au bila kitabu?

Walimu wengi wanaanza na kitabu cha Kifaransa. Si vibaya, mtoto anajifunza lugha. Lakini kuna shida moja: mtoto wa mwaka wa saba aliyekariri mistari ya Kifaransa anasimama kama mti. Akili yake yote inatafuta neno linalofuata. Hawezi kusikia mwenzake, na asiposikia mwenzake hawezi kuchekesha.

Kuko njia nyingine, na ni ya kwetu. Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, lililojulikana sana kwa michezo yake ya Kiswahili kwenye televisheni. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikuwa nao. Siku moja aliwauliza maana ya msemo aliousikia mezani, wakati wa kula firigisi ya kuku: kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Waigizaji wakaanza kubishana juu ya maana yake, kisha wakaamua: huu ndio mchezo wetu unaofuata. Hawakuandika mazungumzo. Walipanga hadithi, wakaigawa katika sehemu, wakakubaliana kila sehemu inaanza wapi na inaishia wapi. Maneno yenyewe waliyatafuta wakati wa kufanya repetisyo, wakaenda kuucheza na kuurekodi katika kijiji cha Kawama. Fabian aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kilichotoka 1990.

Njia hii inawafaa sana watoto. Mpe mtoto jambo la kufanya, usimpe mistari ya kukariri. Mwambie: "Wewe unataka yule mgeni akule kuku, yeye anataka kuondoka. Usimuache aondoke." Atapata maneno mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa Lingala, na Kifaransa kidogo, sawa vile watu wanavyoongea kweli. Baada ya mara tano au sita, maneno mazuri yanabaki. Hapo mwalimu anaweza kuyaandika kwenye kaye ili yasipotee.

Mfano: inspekta anafika Basoko

Tuchukue mfano mmoja wa kufanyia kazi. Mwaka 1836, Mrusi Nikolai Gogol alionyesha mchezo juu ya mji mdogo unaosubiri mkaguzi wa serikali. Wakubwa wa mji, kwa sababu ya woga, wanamdhania kijana mmoja asiye na pesa kuwa ndiye mkaguzi. Wanamlisha, wanamkopesha pesa, wanamsifu. Hadithi hiyo inaweza kushuka mto kutoka Kisangani mpaka Basoko, pale Aruwimi inapoingia kwenye mto Congo, na ikafika salama. Hivi:

Sehemu ya kwanza. Prefe anapata barua: inspekta atafika wiki hii. Kila mtu anakimbia. Wanaazima mabenchi, wanaosha tablo, mwalimu mmoja anatafuta kaye yake ya maandalizi ambayo mke wake alifungia karanga.

Sehemu ya pili. Bandarini. Balenyeri inafika. Anashuka bwana mmoja mwenye kravati na valizi kubwa. Amekuja kumtafuta mtu aliyemuuzia baiskeli kwa mkopo. Anauliza tu: "Masomo iko wapi? Kuko mtu pale hajanilipa." Habari inafika kwa prefe kabla yake: inspekta amefika, na anatafuta watu wa pesa!

Sehemu ya tatu. Karamu. Lituma, kuku, samaki. Bwana anasema: "Nimekuja kuhesabu." Prefe anatetemeka. Bwana anasema: "Nitafungua valizi mbele ya kila mtu." Mwalimu mmoja anaanguka. Ndani ya valizi kuko deftari la madeni tu na shati moja.

Sehemu ya nne. Msichana wa mwaka wa saba anauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyeuliza: "Baba, wewe ni nani?" Anajibu ukweli. Kimya. Ndipo mama mmoja anasimama kwenye benchi la mlangoni. Alikuwa pale tangu sehemu ya kwanza, hana kravati, hakuna aliyempa hata maji. Anasema: "Inspekta ni mimi."

Tazama nani anachekwa hapa. Ni woga wa wakubwa na macho yanayoona kravati kabla ya mtu. Hakuna kabila, hakuna kilema. Na anayefungua fundo ni mtoto.

Shauri moja la lazima: prefe wa kweli atakuwa amekaa mstari wa mbele. Umwonyeshe repetisyo wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mueleze mchezo wote. Na umkataze mtoto kuiga namna prefe wenu anavyotembea au anavyokohoa. Tunacheka cheo kinachoogopa, hatumcheki bwana fulani mwenye jina. Usipofanya hivyo, atakayelipa si wewe tu, ni mtoto aliyecheza.

Kugawa nafasi

Darasa letu halina watoto kumi. Liko na hamsini, na mara nyingi zaidi. Usichague nane wazuri ukawaacha wengine wakae kama watazamaji. Mchezo wa inspekta una abiria wa balenyeri, wapiga kasia, mama wa soko, wanafunzi wanaofagia. Kundi zima linaweza kuwa balenyeri yenyewe: wanasimama karibu karibu, wanayumba pamoja, wanapiga sauti ya mota. Watu watacheka kabla hata mtu hajasema neno. Wengine watashughulika na vyombo, na mmoja atashika kaye ili kumkumbusha aliyesahau.

Mtoto mnene usimpe nafasi ya mnene. Mtoto maskini usimpe nafasi ya mwenye nguo zilizopasuka. Mpe mtoto mpole nafasi ya prefe, utashangaa. Wasichana wasibaki kwenye nafasi za kupika na kulia. Yule inspekta ni mama, na iko sababu. Na mtoto akikwambia, "Mwalimu, mimi sitaki ile nafasi," usimlazimishe mbele ya wengine. Muulize pembeni. Labda ana sababu ambayo wewe huijui, hasa mtoto aliyekimbia vita.

Kazi yenyewe ya repetisyo

Hesabu wiki sita, mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara. Hiyo ni saa 12 kwa mchezo wa dakika 20. Inatosha, kama hampotezi wakati. Haya ndiyo mambo ya kufundisha, moja moja:

Mchezaji hacheki. Hii ndiyo sheria kubwa. Prefe wa kwenye mchezo haoni kitu cha kuchekesha. Anaona kazi yake inapotea. Kadiri anavyoogopa kweli, ndivyo watu wanavyocheka. Watoto wakianza kucheka wao wenyewe, usiwapigie kelele. Simamisha, wapumue, kisha muulize mchezaji: "Sasa unataka nini?" Akijibu, aendelee.

Jambo moja kwa wakati mmoja. Watoto wanapenda kufanya fujo wote pamoja: huyu anaanguka, yule anapiga kelele, mwingine anakimbia. Mtazamaji hajui aangalie wapi, na kicheko kinakufa. Mmoja akifanya, wengine wote wanatulia na kumtazama. Macho ya wachezaji ndiyo yanayoelekeza macho ya watu.

Mara tatu. Kitu kikitokea mara ya kwanza, watu wanakiona. Mara ya pili, wanakitambua. Mara ya tatu, wanakingojea, na hapo ndipo unakigeuza. Mfano: bwana anakataa kuku, wanamlazimisha, anakula. Anakataa samaki, wanamlazimisha, anakula. Mara ya tatu wanamletea lituma, na kabla hawajamlazimisha anavuta sahani yote kwake. Ukirudia mara nne au tano, umechosha watu.

Acha kicheko kishuke. Watoto wanaogopa kimya, kwa hiyo wanaongea juu ya kicheko cha watu na neno linalofuata linapotea. Wafundishe kusubiri bila kuacha kazi: abaki na sura yake, kijiko mkononi, mpaka kicheko kianze kushuka, ndipo aseme. Wakati wa repetisyo, waombe wanafunzi waliokaa wacheke kwa makusudi, ili wachezaji wazoee.

Sauti ya mtoni. Mara nyingi hatuna mikro, na ikiwepo, umeme unaweza kukatika. Mwambie mtoto aongee kama mtu anayemuita mwenzake ng'ambo ya mto: kwa sauti ndefu, bila haraka, uso kwa watu. Mfanye repetisyo mbili nje kabisa, wewe ukiwa umesimama nyuma ya benchi la mwisho. Kama husikii, mama mzee atakayekaa pale hatasikia.

Kuanguka na kupigwa. Hakuna kofi la kweli. Anayepiga anasimamisha mkono mbali na uso, anayepigwa anageuza kichwa, na mtu wa tatu, pembeni, anapiga makofi ili sauti itoke. Anayeongoza jambo hilo ni yule "anayepigwa": yeye ndiye anayeanza. Kuanguka ni kwa kukunja magoti kwanza, kisha kitako. Mjizoeze polepole mara kumi kabla ya kuharakisha.

Vitu vitano vya kukataa

Aksani ya kabila, tumeshasema. Kuiga kilema, tumeshasema. Cha tatu ni mke anayepigwa ili watu wacheke. Iko watoto uwanjani ambao wameona hiyo nyumbani, na kwao si mchezo. Cha nne ni mlevi anayejaza mchezo mzima: ni rahisi, watu wanacheka dakika mbili, kisha hakuna hadithi tena. Cha tano ni tenue ya kweli ya askari au ya polisi. Katika majimbo yetu hiyo inaweza kuleta matatizo makubwa kwa mtoto na kwa mzazi. Kofia ya karatasi inatosha, na inachekesha zaidi.

Mwalimu akikuta watoto wamekwisha kuingiza mojawapo ya vitu hivi wenyewe, asianze na hasira. Awaulize: "Kama mtu wa kabila hilo amekaa hapa, ataenda nyumbani namna gani?" Watoto wa miaka hiyo wanaelewa haraka. Mara nyingi ni sisi wakubwa tuliowafundisha ile njia ya mkato.

Siku yenyewe

Walimu wengi wanalenga tarehe 30 Aprili, siku ya taifa ya elimu, au siku ya proklamasyo mwisho wa mwaka. Fikiria mvua: ikianza kupiga kwenye mabati, hakuna sauti itakayosikika. Anzeni asubuhi, na mkubaliane mapema kwamba mvua ikinyesha wachezaji wanatulia palepale walipo mpaka ipungue, kisha wanaendelea. Hotuba za wakubwa ziwe kabla, zisikate mchezo katikati. Na mtoto akisahau neno, mwenzake amsaidie kwa swali, bila kumtazama kwa hasira. Mmezoea kufanya kazi bila mistari ya kukariri. Hiyo ndiyo faida yake.

Kisangani si mji usiojua jukwaa. Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha akaziweka Kisangani mwaka 2006, na kazi ya ngoma na teatre iliyotoka hapa imeonyeshwa katika nchi nyingi. Lakini mwalimu wa Basoko, wa Isangi au wa Banalia hahitaji studio. Anahitaji uwanja, valizi moja, watoto waliokubali, na lile swali la kwanza.

Turudi kwa yule mtoto wa benchi la nyuma. Siku ya mchezo, usitazame tu kama watu wanacheka. Tazama nani hacheki. Kama mchezo wako ni mzuri, utamuona yeye pia amejishika tumbo, anamcheka prefe anayetetemeka mbele ya mtu wa baiskeli. Na kesho yake uwanjani, watoto wa makabila yote watakuwa wanaigana neno moja, lile la msichana mdogo: "Baba, wewe ni nani?"